"Mwanamke amechorwa kama..." Sawa, ila amechorwa na nani?

Marahaba kaka. Nairudia meseji yako kwa ufupi ili na wengine wapate kufuatilia: unasema unasoma riwaya toka uko sekondari, juzi mnahama nyumba dada yako akakusaidia kupanga vitabu, akakwambia "mbona humu hamna mwanamke hata mmoja," wewe ukamjibu kwamba hujawahi kuchagua kitabu kwa kuangalia kaandika mwanaume au mwanamke, we unaangalia stori tu, mkabishana hadi mkanuniana. Sasa unaniuliza mimi mwalimu wa fasihi, hivi jinsia ya mwandishi ina umuhimu wowote kwa msomaji au dada anakuza mambo?

Dada yako hakuzi mambo, na wewe hujadanganya. Shida ni kwamba we ulikuwa unaongelea sentensi, yeye anaongelea rafu ya vitabu, na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Ngoja nianze na upande wako maana una hoja nzito kuliko hata unavyodhani.

Darasani kwangu nina zoezi nalifanya karibu kila mwaka. Nachukua kurasa kadhaa kutoka riwaya mbili za miaka ya 70, nafunika majina ya waandishi, natoa fotokopi nagawa. Moja ni ya kijana anaitwa Chonya, kaacha kijiji kaenda kuhangaika mjini. Nyingine ni ya binti anapigwa na baba yake mlevi kisa kapata barua ya mvulana. Nauliza kitu kimoja tu, hizi kaandika nani, mwanaume au mwanamke? Yani huwa wanajibu kwa uhakika huo! Kuna mwaka kijana mmoja wa dawati la nyuma alisimama kabisa akasema hii ya Chonya lazima ni mwanaume, mwanamke hawezi kujua aibu ya mwanaume asiye na kazi mjini, na hii ya binti bila shaka kaandika mama mtu mzima aliyeyaona. Nikafunua. Ya Chonya ni Shida ya Ndyanao Balisidya, 1975, mwanamke. Ya binti ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, 1971, mwanaume, tena kijana mdogo wakati huo. Yule kijana akachukua tena karatasi akaisoma upya kutoka juu, polepole, midomo inacheza, kama vile maneno yamebadilika wakati hajaangalia. Sijamsahau mpaka leo.

Na lugha yetu yenyewe inakusaidia kubisha. Kiswahili hakina "yeye wa kike" na "yeye wa kiume". Alikuja, akakaa, akalia, basi, usipoambiwa ni nani utakaa hapo mpaka kesho. Hata wewe umeniandikia "shikamoo mwalimu" na lugha haikukudai useme mwalimu wa kike au wa kiume. Mashairi ya mapenzi ndo kabisa, "mpenzi", "muhibu", "laazizi", anayeimba ni nani na anayeimbiwa ni nani hujui. Nenda kwenye taarab uone, mama yuko jukwaani anaimba uchungu wa kuachwa, kina mama ukumbini wanainuka wanaenda kutuza wanafuta machozi, na mara nyingi sana yale maneno kayatunga mwanaume aliyekaa nyuma na kalamu yake. Machozi yale ni ya kweli. Hakuna mama anayedai arudishiwe hela yake akijua mtunzi ni nani.

Nje huko kuna kisa nakipenda sana. Marekani, mwishoni mwa miaka ya 60, akatokea mwandishi wa hadithi za kisayansi anaitwa James Tiptree Jr., hakuna anayemjua sura, anawasiliana kwa barua tu. Watu wakaanza kunong'ona labda ni mwanamke. Mwaka 1975 mwandishi mwenzake maarufu, Robert Silverberg, akaandika utangulizi wa kitabu cha Tiptree akasema wazo hilo ni upuuzi, maana uandishi huu una uanaume ndani yake usioepukika, akamfananisha na Hemingway, mwandishi maarufu wa kiume wa hukohuko. Haikupita miaka miwili ikajulikana Tiptree ni Alice Sheldon, mama wa miaka zaidi ya 60, na hilo jina la Tiptree kalitoa kwenye chupa ya jemu dukani. Silverberg alikubali kwamba alikosea. Wapo waliopatia pia, Charles Dickens mwaka 1858 alisoma hadithi za mtu aliyejiita George Eliot akamwandikia barua kwamba yeye anahisi hapa kuna mkono wa mwanamke, na kweli alikuwa Mary Ann Evans. Ila mmoja kupatia na mmoja kukosea ndo kubahatisha kwenyewe huko. Kwa hiyo kama dada alimaanisha sentensi ya mwanamke ina harufu yake, hapo we uko sahihi, mimi miaka yote hii ya kusahihisha insha sijawahi kuinusa hiyo harufu.

Sasa upande wake, na huu ndo nataka uusome taratibu.

Kuna utenzi kila aliyesoma fasihi ya Kiswahili kaukuta, Utendi wa Mwana Kupona, umetungwa kwenye visiwa vya Lamu mwaka 1275 wa Hijria, yani 1858. Nikiufundisha nafanya hivi: kwanza natoa zile beti za mume bila kusema zimetoka wapi. Radhi ya mume, siku ya kiyama mume ndo ataulizwa uende peponi au motoni, akilala usimwamshe kwa kelele, mkande, mfukize, akitoka muage, akirudi mpokee. Wanafunzi wa kike wanaanza kukasirika, wanasema hii kaandika sheikh fulani kuwaweka wanawake chini ya miguu, mfumo dume mtupu. Halafu nawapa mwanzo wake:

Negema wangu binti
mchachefu wa sanati
upulike wasiati

Sogea binti yangu, bado hujajua mengi, sikiliza wosia. Ubeti unaofuata anasema maradhi yamemshika yametimiza mwaka. Halafu anamwambia binti aje mbele akae, na wino na karatasi. Hapo ndo darasa linabadilika. Kumbe anayesema ni mama, yuko kitandani, mumewe Bwana Mataka wa Siyu ameshafariki, na yeye mwenyewe hana muda mrefu, alifariki miaka michache baadae, na anayeambiwa ni binti mdogo ambaye keshafundishwa kuandika, mwaka 1858! Mwishoni mtunzi anajitaja jina na kwao Pate, hataki umchanganye na mtu mwingine. Sasa rudi kwenye zile beti. Kuna pahala anasema mume umtunze kama mtoto asiyejua kunena. Hebu liweke hilo neno kinywani mwa sheikh, halafu liweke kinywani mwa mama anayemwachia binti yake siri za kuishi kwenye nyumba ya mtu. Herufi ni zilezile. Kinywani mwa sheikh naisikia amri. Kinywani mwa mama nasikia mtu aliyekaa na mume miaka, akasema mwenyewe kwamba aliishi naye kwa furaha na kicheko, akamjua, na anamwambia binti, mwanangu huyu mtu mkubwa mwenye ndevu na upanga ndani ya nyumba ni mtoto, mjulie.

Wasomi wenyewe hawajakubaliana, wapo wanaosema bado ni utii tu, mwanamke anaweza kuimba wimbo wa kumfunga mwanamke mwenzake, na wapo wanaosema mama alikuwa anapitisha maarifa chini ya shuka. Mi nipo karibu zaidi na hawa wa pili ila sikulazimishi. Ninachotaka uone ni kwamba huo ubishi wote usingekuwepo kama lile jina lisingekuwa pale mwishoni. Kujua kaandika nani hakubadilishi maandishi, kunabadilisha sikio lako, na kusoma unasoma kwa sikio.

Kitu cha pili ni vyumba. Namaanisha mwandishi anakuingiza pale ambapo yeye aliweza kuingia. Chinua Achebe katoa Things Fall Apart mwaka 1958, sisi tukaipata kwa Kiswahili kama Shujaa Okonkwo. Ni kitabu kikubwa, sitaki mtu aniambie vingine, na wanawake wamo, kuna ile usiku Ekwefi anamfuata gizani kuhani aliyembeba mwanae, mi mpaka leo nikiisoma nasisimka. Ila baraza, mikutano ya wazee, mieleka, vita, huko ndo kamera imekaa muda mwingi. Mwaka 1966 Flora Nwapa, mwanamke, Mwigbo wa Nigeria kama Achebe, akatoa Efuru. Na aliyesaidia mswada wake ufike kwa wachapishaji London ni Achebe mwenyewe, sifa yake apewe. Ukifungua Efuru unakuta kijiji cha Waigbo lakini kama umeingilia mlango wa nyuma: wanawake wanauza, wanakopeshana, wanadaiana, wanasengenyana, wanauliza huyu mbona hajashika mimba, yani mazungumzo kurasa kwa kurasa. Efuru ni mrembo, mfanyabiashara hodari, kila akigusa kitu kinaleta hela, lakini mtoto wake mmoja kafariki na hapati mwingine, waume wawili wote wanamwangusha, na mungu wa ziwa anayemwabudu anawapa wanawake mali na uzuri ila watoto hapana. Kitabu kinaisha na swali, kama huyu mungu hajawahi kuonja furaha ya kuwa mama, kwanini wanawake wanamwabudu? Hakijibu. Mtu aliyesoma Achebe peke yake akadhani sasa anaijua jamii ya Waigbo ni kama mgeni aliyekaa sebuleni siku mbili akasema nyumba yote kaiona. Na hicho kitabu kilikuwa namba 26 kwenye ule mfululizo maarufu wa Heinemann wa waandishi wa Afrika, na ndo cha kwanza cha mwanamke. Hebu hesabu mwenyewe vilivyotangulia.

Hapo sasa tumefika kwenye rafu yako.

Unasema hujawahi kuchagua kwa jinsia. Nakuamini. Lakini kaka, nani alikuchagulia? Tuangalie vitabu vya kidato cha tatu na cha nne hapa Tanzania kwa miaka mingi, vile ambavyo mimi nimefundisha na nadhani na wewe umevisoma. Riwaya: Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, Takadini ya Ben Hanson, Joka la Mdimu ya Abdallah Safari. Tamthiliya: Orodha ya Steve Reynolds, Ngoswe ya Edwin Semzaba, na Kilio Chetu ambayo jalada lina jina la taasisi. Ushairi: Wasakatonge ya Khatib, na Malenga Wapya ambayo ni mkusanyo. Pitisha kidole kwenye majalada hayo yote. Hakuna jina la mwanamke.

Na sasa kumbuka lile swali la mtihani, "jadili nafasi ya mwanamke katika jamii ukitumia riwaya mbili ulizosoma". Si mnalikumbuka wote? Majibu tumeyakariri kama sala: mwanamke amechorwa kama mlezi wa familia, mwanamke amechorwa kama mtu mwenye msimamo, mwanamke amechorwa kama chombo cha starehe. Mimi nimeshasahihisha hiyo "amechorwa" mpaka mkono ukauma, na ilinichukua miaka, naona uchungu kusema hivi, kujiuliza amechorwa na nani. Sekai anayekimbia na mtoto wake Takadini asiuawe kwa kuzaliwa zeruzeru, kachorwa na mwanaume. Furaha wa Orodha, kachorwa na mwanaume. Mama N'tilie na sufuria zake, kachorwa na mwanaume. Tena wamechorwa vizuri, Sekai ni mama jasiri ambaye nawaombea wanafunzi wangu wote wamkumbuke. Lakini binti wa miaka 16 anakaa kwenye chumba cha mtihani anaulizwa nafasi ya mwanamke, na kwenye majalada yote aliyopewa hajakuta hata jina moja la mwanamke aliyeshika brashi. Yeye ni wa kuchorwa tu. Nadhani hilo linaingia moyoni hata kama hakuna aliyelisema, na kwa mvulana pia linaingia, anamaliza shule anaamini kuandika ni kazi ya wenye majina kama yake.

Wala siyo kwamba hawakuwepo. Penina Muhando alikuwa anachapisha tamthiliya toka 1972, Hatia, halafu Heshima Yangu, Pambo, baadae Nguzo Mama mwaka 1982. Balisidya nimeshamtaja. Zanzibar tuna Zainab Burhani. Jirani zetu Kenya, kuanzia 2018 na kwa miaka kadhaa, tamthiliya na riwaya ya Kiswahili ya mtihani wa kidato cha nne zote mbili zilikuwa za wanawake, Kigogo ya Pauline Kea na Chozi la Heri ya Assumpta Matei, na mbingu haikuanguka, watoto wa kiume walizisoma wakafanya mtihani kama kawaida. Kwahiyo inawezekana.

Ila nikutahadharishe, maana huwa naona watu wakishaelewa hapa wanaruka upande wa pili. Usimsome mwandishi wa kike kama unameza dawa, na usitegemee ataandika wanawake malaika. Nguzo Mama yenyewe, wanawake wa kijiji cha Patata wanataka kuisimamisha hiyo nguzo, Bi Moja mpaka Bi Nane, na inawashinda kwa sababu wenyewe hawaelewani, kila mmoja na lake. Muhando hakuwapaka mafuta. Chozi la Heri inaanza na mwanaume, Ridhaa, daktari, amesimama kwenye majivu ya nyumba yake na familia yake imeteketea, na mimi sijui wangapi wameandika huzuni ya baba vile. Ukimwekea mwandishi wa kike alama kwamba yeye kazi yake ni "masuala ya wanawake" umemfungia chumba kilekile alichokuwa anatoka. Nikirudi kwa Kezilahabi, kuna wanawake wazima wameniambia Rosa ni wao kabisa, na mimi nani nimwambie mtu hapana, huyo sio wewe kwa sababu kakuandika mwanaume.

Na majina yenyewe yanaweza kukucheza. Kuna Yasmina Khadra, watu walisoma vitabu vyake kama sauti ya mwanamke wa Algeria, mwaka 2001 ikajulikana ni Mohammed Moulessehoul, ofisa wa jeshi la huko, kaazima majina ya mke wake ili akwepe kukaguliwa maandishi yake na wakubwa zake jeshini. Huyo namwelewa, mtu alikuwa anaokoa kalamu yake, na kila mara nikimwaza nafurahi kwamba mke wake alikubali. Lakini Hispania mwaka 2021 lilitangazwa jina Carmen Mola kama mshindi wa tuzo ya Planeta, Euro milioni moja, wakapanda jukwaani wanaume watatu. Msomaji aliyekuwa amenunua vitabu vile akiamini anamsikia mama anayefundisha chuo na kuandika muda wa ziada, alikuwa na haki ya kuhisi kachezewa, maana ule wasifu ulikuwa sehemu ya bidhaa. Wale mabinti wa Brontë, ndugu watatu waandishi wa Uingereza, walijificha nyuma ya majina yasiyo ya kike mwaka 1846 ili wasidharauliwe, hawa wamejificha nyuma ya jina la kike ili wauze. Mimi siwezi kuviweka kwenye kapu moja.

Kwahiyo ufanye nini? Rafu usiitupe, hakuna kitabu cha kutupa hapo. Anza kusoma kwa jozi, hii ndo njia pekee iliyofanya kazi kwangu. Ukitoka Rosa Mistika chukua Shida, mimi nakala yangu niliipata kwa wauza vitabu vya zamani pale Posta, imechanika jalada lakini kurasa zote zipo. Ukitoka Shujaa Okonkwo tafuta Efuru. Mariama Bâ wa Senegal pia yupo kwa Kiswahili, Barua Ndefu Kama Hii, ni mjane anamwandikia rafiki yake, soma hiyo halafu fungua riwaya yoyote ya mwanaume uliyonayo yenye mke wa pili, uone nani anaongea na nani ananyamazishwa. Usitafute nani bora. Angalia tu mlango upi umefunguliwa na upi umebaki umefungwa.

Na leo kabla hamjalala, mrudie dada yako, mwambie mwalimu kasema mlikuwa mnajibu maswali mawili. Halafu msome pamoja Mwana Kupona, sio mrefu, beti mia na kidogo, mkiwa na mtu mzima anayejua Kiamu, lahaja ya Lamu, atawafungulia maneno magumu. Mkifika pale mume atunzwe kama mtoto asiyejua kunena, simama hapohapo, usimweleze wewe ulivyoelewa, muulize kwanza yeye amesikia nini.